Mkonga inapiga stata vizuri lakini haiwaki, nipo Ngaresero

Dereva wa Vumbi
Wakuu habari za asubuhi. Nipo Ngaresero, huku chini ya Ol Doinyo Lengai, na mkonga ya utalii, yaani Land Cruiser yenye bomba la kuvutia hewa lililopanda juu, modeli HZJ79 iliyorefushwa, injini ya dizeli 1HZ, umeme wa volti 12. Jana jioni nilivuka korongo lenye maji ya kufika kwenye ngazi ya mlango, nikafika kambini bila shida, nikazima. Leo alfajiri stata inazunguka kwa nguvu zote ila gari halishiki. Dizeli ipo robo tatu ya tanki. Filta ya dizeli nilibadilisha wiki iliyopita, na pampu ya mkono iliyo juu yake nimeibonyeza hadi imekuwa ngumu. Wageni wameshamaliza chai, wananitazama tu. Jamaa mmoja hapa anataka tumwagie petroli kwenye hilo bomba la hewa. Nifanyeje?

Baba Nozeli
Pole mdogo wangu. Petroli HAPANA. Injini hiyo ina plagi za kupasha moto, mvuke wa petroli ukizikuta zimewaka unalipuka kabla pistoni haijafika juu. Nimeshaona pistoni iliyotoboka kwa ujanja huo.

Fungua kwanza boksi la filta ya hewa. Ukikuta maji humo, usiguse stata tena. Ikiwa kavu, mtu akae nyuma aangalie ekzosi wakati unapiga stata, sekunde 10 tu, kisha iache ipoe. Nijibu: moshi mweupe upo au haupo?

Dereva wa Vumbi
Samahani kwa kuchelewa, mtandao naupata nikipanda kilima. Filta ya hewa kavu, vumbi tupu. Moshi hakuna hata chembe.

Nyuki wa Simanjiro
Hewa hiyo, imeingia kwenye mabomba ya dizeli. Umebadilisha filta juzi, mpira wake haujakaa vizuri. Legeza nati za mabomba kwenye nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini, piga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Kwisha kazi.

Baba Nozeli
Nyuki, yawezekana, lakini ametembea wiki nzima na filta hiyo na pampu ya mkono imekaza. Ungekuwepo moshi mweupe ningejua dizeli inafika ila haiungui, tungetafuta plagi. Moshi hamna kabisa, basi dizeli haifiki kwenye silinda.

Dereva, kwenye pampu ya dizeli kuna solenoidi ya kuzimia, kidude cha duara chenye waya mmoja, kikipata umeme kinafungua njia ya dizeli, kikikosa kinaifunga. Weka swichi ON bila kupiga stata, mwenzio atege sikio pale. Inatakiwa iseme "tak". Ikinyamaza, chomoa waya wake, chukua waya mwingine toka chanya ya betri, gusisha. Ikisema tak, solenoidi ni nzima, ila umeme haufiki.

Dada Karakana
Naongezea. Gari la utalii hilo, bila shaka lina GPS. Wengi wanaofunga hukata waya huohuo wa solenoidi na kuweka relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ili bosi aweze kuzima gari akiwa mezani kwake. Piga simu ofisini kwanza, isije ikawa umezimwa na mhasibu 😂

Dereva wa Vumbi
WAKUU LIMEWAKA! Ofisini wameapa hawajagusa kitu. Swichi ON, kimya. Nikagusisha waya wa betri: tak! Nikaufunga pale, nusu mzunguko wa stata tu likashika.

Nimefuatilia waya wa zamani, Dada umepiga penyewe. Fundi wa GPS aliunga kwa kusokota tu na kuviringisha tepu, tena chini kabisa ambako maji ya korongo yanarukia. Nilipobandua tepu, shaba ilikuwa ya kijani na ikakatikia mkononi kama jani kavu.

Baba Nozeli
Safi. Huo waya wa muda uwekee fyuzi ndogo, na uufunge mbali na ekzosi. Kumbuka swichi haitazima injini tena, utazima kwa kuchomoa waya pale betri. Ukifika Mto wa Mbu tafuta fundi umeme aunge kwa risasi, na kiungo akipandishe juu.

Dada Karakana
Na usizime njiani ukiwa na wageni wa kupiga picha 😅

Nyuki wa Simanjiro
Sawa, ila hewa bado icheki.