Nimenyoosha mkono niulize maji, taarifa ya habari inasema nashangilia!

Wakuu, nimetoka kuangalia taarifa ya habari ya saa mbili hapa, mikono inatetemeka hadi nakosea herufi.

Leo mgombea kaja kwetu. Mnamjua, yule mzee wa mauno. Nimepigwa jua toka saa nne mpaka saa tisa. Shida yangu moja tu: bomba lipo, mita ipo, bili inakuja, maji hakuna. Nikanyoosha mkono. Akaniona kabisa! Akageuka: "DJ, tupia ngoma!" Mwenye kitambi mmoja pale jukwaani akaanza pushapu, kajiona Magufuli wa 2015. Hapo sikukasirika, hao ndio walivyo.

Sasa yule mtangazaji. Yule wa koti la bluu, mnamjua. Ananionyesha MIMI, mkono juu, mdomo wazi, chini kaandika: MWANANCHI AKISHANGILIA. Nashangilia! Nyumbani madumu yote matupu, nashangilia! Habari nzima ni umati, ngoma, droni, umati tena. Tangu yale mafuriko ya watu kwenye kampeni za Lowassa 2015 kazi yao ni kuhesabu vichwa. Maji hayakutajwa hata ya kunywa. Mke wangu kacheka hadi kakaa chini. Eti NASHANGILIA!!

Kibatari: Weka picha kwanza tuone ulivyoshangilia.

Mpita Njia: Mkuu, mkono juu, mdomo wazi, fulana yao mwilini. Ulitaka waandike anapiga mswaki?

Mleta mada: Fulana ilikuwa ya bure! Nilinyoosha mkono KUULIZA!

Bi Mkora: Bora wewe fulana. Mie kanga yao nimeifua mara moja, rangi yote imehamia kwenye mashuka.

Jirani wa Namanga: Poleni. Huku kwetu Kenya mjadala wa urais 2017 Raila alisimama peke yake, 2022 ikawa zamu ya Ruto kusimama peke yake. Kesho yake ni kubishana tu nani kamhepa nani.

Mpita Njia: Angalau nyie mlipata hata huyo mmoja.

Kibatari: Mleta mada, hiyo ngoma ya DJ inaitwaje? Naitafuta tangu mchana.

Mleta mada: Nyie watu mna roho mbaya. Nashangilia jamani!

Kibatari: Hongera. Ngoma inaitwaje?

Bi Mkora: Mwenye kujua cha kutoa rangi kwenye mashuka aje PM. Jiki imegoma.