Alien 3: kwanini waliwaua Newt na Hicks mwanzoni tu?

Wadau, nimerudia Aliens ya 1986 nikaunganisha na Alien 3 ya 1992, aisee nimechoka kabisa. Muvi nzima Ripley, yule mama shujaa wetu, anahangaika na kale katoto Newt, anakafuata mpaka kwenye mayai ya yule malkia wa madude, halafu hii ya tatu inaanza tu mtoto kashakufa maji humo humo kwenye kifaa alimolazwa usingizi wa safari, yule mwanajeshi Hicks naye kwisha habari yake. Sasa ile ya pili tuliangalia ya nini? Au kuna kitu sijakiona?

Jibu: Umeona vizuri mkuu. Shida skripti, walianza kushuti haijakamilika, na mwongozaji David Fincher ndo ilikuwa muvi yake ya kwanza, studio ikawa inamwingilia mno, mwenyewe kaikataa.

Jibu: Mi naitetea kidogo. Tafuta lile toleo refu la Alien 3 la 2003, ina kama nusu saa ya ziada, dude linatoka kwa ng'ombe sio mbwa, na wale wafungwa wa gereza alikoangukia Ripley angalau unawajua nani ni nani.

Jibu: Ndefu sawa, ila Newt si bado anakufa? 😂