Naomba ushauri: kuongeza zege kwenye msingi wa mnara wa redio

Mafundi, habari zenu. Kuna mnara wa mita 12 usio na waya za kuushikilia, huku Embakasi. Msingi wake ni mita 1.2 kwa 1.2, kina mita 1. Antena kubwa zaidi inakuja, kwa hiyo nataka kuongeza sentimita 30 kila upande. Hiyo ni mita 1.8 za ujazo, kama tani 4.3, mifuko 14 au 15 ya simiti kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (simiti, mchanga, kokoto).

Wasiwasi wangu ni pale zege jipya linapokutana na la zamani. Bila nondo, upepo ukivuta, la zamani litang'oka peke yake na uzito ulioongezwa hautasaidia kitu. Nimepanga kuparuza uso, kutoboa sentimita 15, kupuliza vumbi (hapa wengi huzembea) na kubandika nondo za Y12 (za milimita 12) kwa epoksi, ile gundi kali, kila sentimita 30. Zinatosha, au nizungushie pia fremu ya nondo?

Halafu udongo ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha. Nikichimba pande zote kwa pamoja mnara utabaki bila mshiko. Nichimbe upande mmoja mmoja, au nifunge waya za muda kwanza?