London River na wazazi waliopotelewa na watoto: kwanini yule mama halii?

Kamera ya Makorora:
Habari za saa hizi wadau. Nimerudia kuangalia London River, ile muvi ya Rachid Bouchareb ya mwaka 2009. Kwa ambao hamjaiona, mama mmoja mjane, mkulima wa kisiwa cha Guernsey, na mzee wa Kiafrika anayefanya kazi ya misitu Ufaransa, kila mmoja na safari yake wanafika London kutafuta watoto wao baada ya yale mabomu ya tarehe 7 Julai 2005, matatu kwenye treni za chini ya ardhi na moja kwenye basi, waliuawa watu 52. Simu za watoto hazipokelewi. Wanazunguka hospitali, wanabandika picha ukutani, na mama anamtilia shaka yule mzee mpaka polisi wanaingia, kumbe watoto wao walikuwa wanaishi pamoja na binti alikuwa anajifunza Kiarabu.

Sasa swali langu. Muda mwingi wa muvi yule mama halii. Anapiga simu ya bintiye, inaingia kwenye ujumbe, anaacha maneno, baadaye anapiga tena. Mzee ndo kabisa, anatembea tu na fimbo yake taratibu.

Sisi tunaandaa filamu fupi hapa Tanga, mama wa Ngamiani ambaye mwanawe wa miaka 15 alionekana mara ya mwisho akipanda chombo cha kwenda Pemba, basi, hakuna tena habari. Dada anayeigiza mama anajua kazi ila anataka kulia kuanzia sini ya kwanza, anasema mtazamaji wa kwetu asipoona machozi atasema huyu mama hana uchungu. Moyo wangu unakataa ila hoja ya kumpa sina. Wazazi wa kweli wakoje?

Mwana wa Kaole:
Mkuu nipo Bagamoyo, nimepita TaSUBa, chuo cha sanaa. Sini zetu nyingi zinaharibika kwa sababu muigizaji anapewa hisia badala ya kupewa kazi. Ukimwambia "hapa una huzuni" atakunja uso atatoa machozi na kinanda kitapanda juu, imeisha hiyo. Mwambie "hapa unatafuta picha ya mtoto ambayo uso unaonekana vizuri ili ukatoe kopi", muache ahangaike na zile picha, moja mtoto kafumba macho, nyingine ya harusi kasimama nyuma ya watu, halafu uone kama mtazamaji atabaki salama.

Na huyo mzee ni Sotigui Kouyaté, mtu wa ukoo wa magrioti, wale wasimulizi na waimbaji wa historia wa Afrika Magharibi, kafanya jukwaa na Peter Brook miaka na miaka. Kwa nafasi hii alipewa Dubu wa Fedha wa muigizaji bora Berlin 2009, mwaka uliofuata akafariki. Mtazame mabega tu, usimtazame usoni, kila akitoka mlango wa hospitali yanashuka kidogo. Mwonyeshe huyo dada.

Mama Wawili:
Mimi sikubaliani na nyie kabisa. Mswahili analia jamani! Mtoto akipotea Ngamiani mpaka barabara ya 12 watajua, msikitini kipaza sauti kinatangaza, wanawake wanajaa uani, huyu kaja na sukari huyu kaja na mchele, mama kashikwa huku na huku anapiga kelele. Ukimuonyesha mama kakaa kimya siku ya kwanza umetudanganya.

Ila tatizo linakuja baada ya hapo, na hili sijaona muvi yetu hata moja inalionyesha. Wale wanawake hawajui wakae siku ngapi. Msiba una tatu, una arobaini, watu wanajua lini wakunje mikeka. Hapa hakuna maiti na wala hakuna matanga, basi wanaanza kupungua mmoja mmoja kwa aibu aibu, huyu kaacha mtoto mgonjwa, huyu zamu ya maji, mpaka mama anabaki na masufuria ya watu. Kuanzia hapo halii tena kwa sababu hata wa kumnyamazisha hayupo.

bintiPangani:
Mama Wawili umesema kweli tupu. Shangazi yangu, dada yake baba, mwanawe aliondoka nyumbani yuko kidato cha pili hajarudi mpaka leo.

Kitu ambacho hakiachi ni ile laini yake ya zamani, maana mtoto alikuwa anaijua namba kwa kichwa. Simu yenyewe kitochi, betri imevimba, mfuniko kaubana na mpira wa nywele, na kila mwezi lazima aweke vocha hata kama hapigi popote kwa sababu alisikia laini isipotumika mtandao unampa mtu mwingine. Sasa mwaka 2020 mwanzoni si mnakumbuka laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilivyokuwa zinazimwa, shangazi namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, hana, na vidole vyake alama hazisomi kwa ajili ya kusuka makuti na kupara samaki miaka yote, alipanga foleni kuanzia alfajiri, anarudishwa, kesho yupo tena, watu wanamwambia mama si ununue laini nyingine tu, yeye kimya. Foleni nzima hakudondosha chozi. Alilia siku laini ilipokubali, pale pale kwenye mwamvuli wa wakala, kijana wa watu akachanganyikiwa akadhani kamkosea.

Karatasi ya RB, ile ya kuripoti polisi, anatembea nayo kwenye kipochi mpaka imechanika mikunjo. Na nyumba ya kupanga hahami, bati linavuja lakini hahami.

Nesi wa Zamu:
Hili lina utafiti wake kabisa. Kuna mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, alianza miaka ya 1970 na familia za marubani waliopotea vita ya Vietnam. Anachosema ni kwamba wale watu hawana ugonjwa wa akili, hali waliyowekwa ndiyo haina mwisho, mtu hayupo nyumbani lakini kichwani yupo. Kwahiyo tusiwaambie "kubali yaishe".

Ustadh Mtulivu:
Asalaam aleikum. Nachangia kwa upande wa dini maana mmeweka mama wa Ngamiani. Sala ya ghaibu, ya kumswalia maiti aliye mbali, ipo na kwetu madhehebu ya Shafii inajuzu, Mtume (s.a.w) alimswalia Najashi mfalme wa Uhabeshi. Lakini Najashi ilijulikana kafariki. Aliyepotea asijulikane yu hai au kafa, huyo ni mafkudi, anahesabiwa yu hai mpaka uje ushahidi au kadhi ahukumu, hata mirathi yake haigawiwi.

Andika sini hii: baba mdogo anakuja na shauri la kusoma hitima, anaongea kwa upole, nia yake njema, ndugu wamechoka wanataka kupumua. Mama anaona wanamzika mwanawe akiwa hai. Na mkumbuke meli ya Spice Islander iliyokuwa inaenda Pemba ilipozama Septemba 2011 karibu na Nungwi, wengi maiti zao hazikuonekana. Mama wa filamu yenu akisikia neno Pemba anawaza meli ile, hana haja ya kuitaja.

Kamera ya Makorora:
Daah, nimesoma nimekaa kimya muda. Mama Wawili kilio chako kinaingia sini ya kwanza, ua umejaa watu, dada yetu atalia mpaka atosheke. Baada ya hapo machozi hakuna mpaka karibu na mwisho. Ustadh, baba mdogo namwandika usiku huu.

bintiPangani dada yangu, naomba ruhusa ya ile laini. Sitataja mtu, nitabadilisha kila kitu, ila mwamvuli wa wakala naomba ubaki.

bintiPangani:
Nitamuuliza shangazi kwanza, asipotaka basi kaka yangu utaniwia radhi. Mimi ombi langu moja, msimrudishe mtoto mwishoni akakimbia kumkumbatia mama, akiiona hiyo itamuumiza sana. Na kama mnapiga picha Deep Sea msiende asubuhi, kuna mnada wa samaki hamtasikilizana, nendeni baada ya alasiri.