F1 wanaongeza umeme, rally wameung'oa: nisomee nini?

Fundi wa Sinoni:
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Mimi ni fundi magari hapa Arusha, mwaka wa sita sasa. Nimedunduliza milioni mbili na nusu na kuna kozi mbili mbele yangu: umeme wa magari ya haibridi (yale yenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja), au kuchomelea mabomba na kuunda bodi. Pesa inatosha moja tu.

Kinachonivuruga ni sheria za mashindano, maana ndoto yangu ni siku moja kushika gari la rally la maana. Formula 1 kuanzia 2026 mota ya umeme imepanda kutoka kilowati 120 hadi 350, karibu nusu ya nguvu yote ya gari. Nikasema basi, umeme ndio habari ya mjini. Kugeukia rally ya dunia, haibridi waliyoiingiza 2022 wameing'oa 2025! Na shirikisho la mbio za magari duniani ni lilelile, FIA. Nifuate upepo upi?

Piston Mbovu:
Nunua kiwanja, mkuu. Umeme utaukuta hukohuko.

MamaGia:
Huyo hapo juu mwache. Mdogo wangu, sheria zile usizisome kama msahafu, zinaandikwa kuvuta kampuni za magari. F1 waliondoa ile mota iliyofungwa kwenye turbo, MGU-H, kwa kuwa ilikuwa ghali na gari la mtaani halina kazi nayo. Wakaongeza umeme upande mwingine, wakaleta mafuta yasiyochimbwa ardhini. Audi wakaja, Ford wakarudi kupitia timu ya Red Bull, Honda waliokuwa wameshaaga wakageuza. Injini yenyewe bado V6, yaani silinda sita, ya lita 1.6. Na kabla magari hayo hayajaanza kushindana, rais wa FIA, Mohammed Ben Sulayem, alishaanza kuzungumzia kurudisha V8, ya silinda nane. Utamaliza kozi upepo umegeuka.

Chui wa Nakuru:
Kaka, mimi nasaidia timu za hapa nyumbani, Safari Rally ikija Naivasha tunalala huko. Ile haibridi niliichukia kwa macho yangu. Magari ya Rally1, daraja la juu la rally ya dunia, yalikuwa na taa: kijani unagusa, nyekundu kaa mbali, utapigwa na umeme. Gari limezama kwenye lile vumbi laini kama unga, watu wamejaa, mikono inawawasha walisukume, na lazima kwanza mtu achungulie taa. Betri nayo ilitoka kwa mtengenezaji mmoja tu, imefungwa, fundi wa timu haifungui. Walipoitoa, uzito wa chini ulishuka kutoka kilo 1,260 hadi 1,180.

Sheria za rally ya dunia za 2027 ndizo zinakuhusu: chasisi ya mabomba, nguvu kama farasi 300, bei isizidi yuro 345,000, na hata karakana ambayo si kampuni ya magari inaruhusiwa kuunda gari lake. Hiyo bado ni pesa ya kutisha, najua. Lakini mtu wa kuchomelea keji, yale mabomba ya kumkinga dereva gari likipinduka, vizuri hapa tunamtafuta kwa tochi.

MamaGia:
Sawa, kaka wa Nakuru, na rally ni mara ngapi kwa mwaka? Kodi ya gereji ni kila mwezi. Fundi wa Sinoni, haibridi ngapi zimeingia kwako mwezi huu?

Fundi wa Sinoni:
Dada, umenigusa penyewe. Wiki iliyopita alikuja mteja na Prius, haibridi ya Toyota, nikafungua boneti, nikaona zile waya nene za rangi ya chungwa, za umeme mkali, nikafunga. Nikamwambia mtaalamu wetu amesafiri. Hatuna mtaalamu.

MamaGia:
😂 Basi umejijibu. Soma umeme. Watakufundisha kuchomoa plagi ya kukatia betri, kungoja dakika 10 kabla hujagusa kitu, na kuvaa glovu za volti 1,000, si hizo za kuoshea vyombo. Huyo mteja mwenye Prius ndiye atakayekulipia kozi ya pili.

Chui wa Nakuru:
Hapo nakubali, dada kanishinda. Ila kaka, ukipata wikendi vuka Namanga uje. Mashine ya kuchomelea ya TIG ninayo, vipande vya mabomba vya kujifunzia vimejaa nyuma ya stoo. Gesi tu ndiyo utachangia.

Piston Mbovu:
Na kiwanja je?