Igizo la chuo kijijini: watu wanajaa, mjadala unakufa. Tupange vipi?

Swali
Wakuu, salaam. Idara yetu ya sanaa za maonyesho (chuo kikuu cha umma, Tanzania) hupeleka wanafunzi kijiji cha jirani na igizo la saa nzima kuhusu utoro shuleni. Watu hucheka na kupiga makofi. Mjadala ukifika, wanaosema ni mwenyekiti wa kijiji na mwalimu mkuu tu, na akina mama wanaanza kuondoka. Safari hii tuna wanafunzi 14 na siku 10.

Jibu la 1
Mkuu, kasoro inaanza kabla ya onyesho. Igizo limeandikwa chuoni, kwa hiyo wanakijiji wanaletewa tatizo lao likiwa limeshatafsiriwa na wengine. Kule Malya, mkoani Mwanza, miaka ya 1982 na 1983, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walianza na utafiti pamoja na wenyeji, na vijana wa pale wakashiriki kutengeneza maonyesho.

Siku 3 za kwanza msiigize chochote. Wanafunzi waende wawili wawili kisimani, shambani, kilabuni, kwa fundi baiskeli. Madaftari yabaki mfukoni, waandike usiku. Mtu akiona kalamu anajibu kama anavyojibu ofisini. Siku ya 4 rudisheni mliyosikia kwa vikundi vya watu 8 hadi 12, wanawake peke yao, wanaume peke yao, vijana peke yao. Hapo ndipo mada hubadilika. Mnaweza kugundua kwamba utoro ni suala la maji, kwa sababu watoto wanachota alfajiri na kuchelewa, na anayechelewa anaogopa viboko hivyo haendi kabisa. Igizo la kuwasema wazazi haligusi hilo hata kidogo.

Siku ya 5 hadi ya 8 ni mazoezi na wenyeji, jioni watu wakitoka shamba. Nusu ya wahusika, au zaidi, wawe wanakijiji. Msiwape maneno ya kukariri. Wapeni tukio, wazungumze wenyewe.

Jibu la 2
Naongezea la siku ya onyesho. Saa nzima ni ndefu mno. Dakika 25 zinatosha, mjadala upewe 45. Anzeni saa 10 jioni, msisubiri giza, maana akina mama wana moto wa kuwasha. Ngoma ipigwe nusu saa kabla.

Watu wakae duara, uwanja wa katikati mita 6 au 7, watoto mbele kwenye mikeka. Meza ya wageni rasmi isiwepo. Viongozi wakae ndani ya duara kama wengine, na muwaombe mapema, kwa heshima, waseme mwisho.

Kosa kubwa ni kumalizia igizo kwa suluhisho. Likateni pale baba ameinua fimbo na mtoto ana ndoo mkononi. Mwongoza mjadala aulize: "Ungekuwa wewe mama huyu, ungefanya nini sasa hivi?" Anayejibu aingie uwanjani aonyeshe, kama alivyofundisha Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazil. Swali la "mmejifunza nini?" lina jibu moja tu, nalo ni la kuwafurahisha wageni.

Muuliza swali
Shukrani sana. Na maazimio yakishatolewa?

Jibu la 3
Siku ya 10 ni ya hilo. Kila azimio liwe na jina la mwanakijiji anayelisimamia na tarehe, kisha mpeni mtendaji wa kijiji nakala aliingize kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao hukaa kila miezi mitatu. Wanafunzi wawili warudi siku ya mkutano huo. Wekeni nauli yao kwenye bajeti tangu sasa.

Barua ya utambulisho ipitie halmashauri kwa afisa utamaduni, kisha kata, ndipo kijiji. Jambo la posho lisemwe siku ya kwanza, kwa kiwango kimoja kwa wenyeji wote wanaoigiza. Na kisa cha kweli kibadilishwe kazi ya mhusika, idadi ya watoto na mtaa anaokaa. Kijijini kubadili jina peke yake hakumfichi mtu.