Jumamosi vilimani: gumzo la kikundi cha familia

Jumatano

Shangazi 18:52
Hamjambo wote. Zimebaki siku mbili na waliojibu ni watatu. Narudia: tunaanza KUTEMBEA saa 2 kamili asubuhi. Sijasema kufika maegesho saa 2.

Shangazi 18:53
Njia ni ule mzunguko wa juu unaopita mgongo wa kilima. Kilomita 9, kupanda mita 450 kwa jumla. Tunapandia upande wa ngazi, tunashukia upande wa msitu.

Kitindamimba 18:58
Dada umesahau kutukumbusha tukojoe kabla ya kutoka 😂

Shangazi 18:59
Nilikuwa nafika huko. Choo kipo maegesho tu, njiani hakuna.

Baba Mapacha 19:04
Kwa nini tusianzie msituni, watoto wapashe miguu moto kwanza?

Shangazi 19:07
Kwa sababu vile vipandio vya ngazi vinamfika magotini mtoto wa miaka mitano. Akipanda anashika kwa mikono, kwake ni mchezo. Akishuka mwisho wa safari mapaja yameshalegea, kila kipandio anakirukia na kutua kwa kisigino. Watu huanguka wakishuka, tena wakiwa wamechoka. Mwinuko mkali asubuhi, mteremko mpole mwisho.

Binti Mkubwa 19:11
Nimeangalia ramani. Ni ya 1:25,000, kwa hiyo sentimita 1 ni mita 250. Mistari ya mwinuko iko kila mita 10, na pale ngazini ndani ya sentimita moja nimehesabu nafasi tano. Yaani mita 50 juu ndani ya mita 250. Mapacha wataweza?

Kitindamimba 19:12
Mapacha wataweza. Tumwombee baba yao.

Mama Mapacha 19:12
😂😂😂

Shangazi 19:16
Tuendelee. Muda. Kanuni ya Naismith: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 9 ni saa 1 na dakika 48. Mita 450 ni dakika 45. Jumla saa 2 na dakika 33, na hapo ni mtu mzima asiyesimama. Kwa watoto zidisha mara mbili, kisha weka mapumziko. Nimeweka saa 6. Saa 8 mchana tuko kwenye magari.

Binti Mkubwa 19:17
Naismith aliitoa mwaka 1892, sidhani kama aliwapigia hesabu hawa wawili wanaookota kila kijiti 😅

Mama Mapacha 19:20
Wifi, mdogo atabebwa na nani? Ana kilo 13 sasa.

Shangazi 19:21
Kipo kibebeo cha fremu. Kile kilichorudi bila kifungo cha mkanda wa kiunoni. Aliyekiazima anajijua.

Kitindamimba 19:21
👀

Baba Mapacha 19:23
Dada, hili tulishalimaliza.

Shangazi 19:25
Ulilimaliza wewe. Mkanda bado. Ule mkanda unakaa juu ya mifupa ya nyonga na ndio unaobeba uzito. Kamba za mabegani kazi yake ni kuzuia fremu isivutike nyuma. Ukiukosa, kilo 13 za mtoto na 3 za fremu zote zinaning'inia mabegani. Nusu saa tu mbebaji ameinama mbele, mtoto naye anatikisika kila hatua.

Mama Mapacha 19:27
Kilikuwa na ufa tulipokichukua. Nilikutumia picha siku ileile.

Shangazi 19:27
Picha ya giza.

Kitindamimba 19:28
Mimi niliiona. Ilikuwa picha nzuri sana ya kidole gumba.

Mama Mapacha 19:30
Shemeji nyamaza 😂 Wifi, pima upana wa ukanda wenyewe. Vifungo vya plastiki huwa vya milimita 38 au 50. Ukinipa kipimo natafuta kesho.

Binti Mkubwa 19:34
Jamani, utabiri wa Jumamosi una ngurumo kuanzia saa 7 mchana.

Shangazi 19:36
Saa 7 tutakuwa tumeshaingia msituni.

Baba Mapacha 19:39
Kwa hesabu yako mwenyewe? Kuanza saa 2, kumaliza saa 8. Mgongo wa kilima uko katikati ya njia na una kilomita 2 wazi kabisa. Pacha mmoja akikaa chini akagoma, saa 7 inatukuta juu.

Shangazi 19:41
Tutahesabu. Kati ya mmweko na ngurumo, kila sekunde 3 ni kilomita 1.

Baba Mapacha 19:43
Ukihesabu 30 radi iko kilomita 10, na hapo tayari inaweza kukufikia. Inatakiwa uwe umeshashuka, halafu usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Dakika 30 na watoto wanne waliolowa. Haya, yawe yaleyale ya kijito.

Shangazi 19:44
Kijito nani aliamua tuvuke?

Kitindamimba 19:44
Mimi nilikuwa nimebeba viatu tu, nisitajwe.

Shangazi 19:45
Nauliza. Nani aliamua?

Babu 19:58
Nimesoma yote. Watoto hawapiti mgongo wa kilima siku yenye utabiri wa ngurumo. Kule juu hakuna pa kujistiri na mtoto hakimbii kilomita mbili. Mtapita njia ya chini ya bondeni mpaka darajani na kurudi kwa kuzunguka. Na mimi nitakuja. Habari za kijito na kifungo zisirudiwe humu.

Mama Mapacha 20:02
Shikamoo Baba. Tumesikia.

Babu 20:03
Marahaba.

Shangazi 20:41
Sawa Baba.

Shangazi 20:49
Basi mzunguko wa chini. Kilomita 5, kupanda mita 180. Naismith: saa 1 na dakika 18, mara mbili ni saa 2 na dakika 36, na mapumziko weka saa 3 na nusu. Saa 5 na nusu tumemaliza. Kuanza ni saa 2 VILEVILE.

Shangazi 20:55
Ya chini isiwadanganye. Mizizi ya miti ikilowa inateleza kuliko mawe, hasa ile iliyolala kuupitia mteremko. Mtoto airuke, asiikanyage. Penye ukingo mtu mzima atembee upande wa bonde, mtoto upande wa kilima. Kona za njia zisikatwe: mguu ukishatoboa njia ya mkato, mvua inaifuata na kuchimba mfereji, msimu ujao njia nzima imebomoka.

Baba Mapacha 20:57
Viatu: kata kucha za watoto Ijumaa. Msimamishe mtoto kwenye mteremko akiwa amefunga kamba. Vidole vikigusa mbele, kaza kamba pale kifundoni, kisigino kirudi nyuma. Akisema panachoma, simameni palepale, vua soksi, kausha, bandika plasta. Mkisubiri kituo cha mapumziko lengelenge limeshajaa maji.

Binti Mkubwa 21:01
Na fulana za pamba tuziache. Zikishika jasho hazikauki, mtu akisimama anapata baridi. Anayebebwa apate sweta na soksi za ziada, maana yeye hatembei hata kama mbebaji anatiririka jasho.

Kitindamimba 21:02
Naomba na mimi nibebwe. Ninazo soksi.

Shangazi 21:06
Wewe utabeba maji. Nusu lita kwa saa kwa mtu mzima, nusu ya hiyo kwa mtoto. Saa 3 na nusu, watu wazima sita, watoto wanne. Piga hesabu uniletee jibu.

Kitindamimba 21:09
Lita 14?? Dada mimi ni punda?

Shangazi 21:10
Gawa kwenye mikoba. Ya watoto isizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wao. Mwenye kilo 20 mwisho kilo 2, mkoba ukiwemo.

Babu 21:15
Fimbo zangu zilegee au zikaze?

Binti Mkubwa 21:18
Babu, ukiwa tambarare kiwiko kikae pembe mraba. Ukipanda zifupishe sentimita 5, ukishuka zirefushe sentimita 5 hadi 10. Kisha kaza vibana kabisa na uzigandamize chini kwa uzito wako kabla ya kuziamini. Nitakufanyia palepale maegesho.

Babu 21:19
Vizuri mjukuu wangu.

Alhamisi

Shangazi 06:30
Bado sijapata majibu ya watu saba. Naona mmesoma.

Shangazi 06:38
Binti Mkubwa atatangulia na mapacha. Sharti moja: kila njia panda wanasimama hadi wa mwisho afike. Alama ya rangi ikipotea kwa dakika kumi, mnarudi hadi ya mwisho mliyoiona, hakuna kubahatisha mbele. Kila mtoto na filimbi shingoni. Akipotea anashika mti mmoja, haondoki, anapuliza mara 6 kwa dakika moja, ananyamaza dakika moja, anaanza tena. Atakayemsikia anajibu mara 3.

Kitindamimba 06:44
Mapacha na filimbi saa 3 na nusu. Nimeghairi.

Baba Mapacha 07:10
Ramani pakueni leo nyumbani. Bondeni simu inahangaika kutafuta mtandao na betri inakwisha. Iwekeni hali ya ndegeni, GPS itafanya kazi. Na tukirudi kagueni kupe: nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele. Kibano chenye ncha nyembamba, shika karibu na ngozi, vuta wima polepole. Msipake mafuta.

Shemeji 12:26
Salaam jamani, ndiyo nafungua simu. Kwa hiyo tunapandia upande wa ngazi?

Kitindamimba 12:27
😭😭😭

Shangazi 12:31
Shemeji soma juu. Wifi, ukanda ni milimita 50.

Mama Mapacha 17:48
Nimepata cha 38 tu wifi. Halafu pacha mmoja anakohoa, tutathibitisha kesho jioni.

Shangazi 17:52
Ukanda wa 50 hauingii kwenye 38 mpaka ukunjwe, na ukikunjwa unateleza. Nani mwingine ana kibebeo?

Shangazi 18:40
Nani mwingine ana kibebeo?

Shemeji 21:13
Nimesoma juu. Maegesho ni yale ya darajani au ya ngazini?